Umri wa Marehemu na Uzito wa Msiba

Msiba hupimwa mara mbili. Kuna kipimo cha hadhara, kinachoonekana kwa wingi wa watu matangani, kwa siku ambazo moto unawashwa nje ya nyumba, kwa mnyama anayechinjwa na kwa urefu wa tangazo linalosomwa redioni. Kuna na kipimo cha ndani, cha mama aliyezika asubuhi na jioni akajikuta anatenga sahani ya mtu asiyekuwepo. Vipimo hivi mara nyingi havikubaliani, na kinachovitenganisha zaidi ni umri wa aliyekufa na namna alivyokuwa akiishi kabla hajafa.

Anayefungua redio mjini Bukavu, katika Kivu, mashariki ya Kongo, saa ya matangazo ya vifo husikia tofauti hiyo mara moja. Tangazo la mzee huanza na vyeo vyake, likafuata jina la mjane, kisha watoto na wakwe walioko Bukavu, Kinshasa na Ulaya, kisha wajukuu na vitukuu, na mwisho njia ya msafara hadi makaburini. Tangazo la mtoto wa miaka miwili ni nadra. Halina cheo cha kutaja wala mkwe wa kuarifu, na mara nyingi kaburi limekwisha kufukiwa kabla ndugu wa mbali hawajapata habari. Asiyeijua nchi angeweza kudhani kwamba wanaokufa Kivu ni wazee tu. Uchunguzi wa taifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2013–2014 ulionyesha jambo jingine: katika Kongo nzima, watoto wapatao 104 katika kila 1,000 waliozaliwa wakiwa hai walikuwa hawafikishi miaka 5.

Mahali pa kulitazama jambo hili kwa karibu ni Lwiro. Lwiro iko kiasi cha kilomita 45 kaskazini ya Bukavu, upande wa Katana, katika eneo la Kabare, kati ya Ziwa Kivu na milima ya Kahuzi. Jina lake limetangaa kwa sayansi. Mwaka 1947 Wabelgiji waliunda IRSAC, taasisi ya utafiti wa sayansi katika Afrika ya Kati, na makao yake makubwa yakajengwa hapo. Leo ndiyo CRSN-Lwiro, kituo cha utafiti wa sayansi asilia. Pamoja na maktaba, maabara na vyombo vya kupima matetemeko, kuna hospitali ya watoto. Kwa miongo mingi hospitali hiyo imepokea watoto wenye utapiamlo mkali, na hasa ule ambao watu wa Bushi, nchi ya Washi, wanauita bwaki. Ugonjwa huo uliwahangaisha watu kiasi kwamba mwaka 1965 liliundwa mjini Bukavu shirika lililoubeba katika jina lake, Comité Anti-Bwaki.

Mtoto mwenye bwaki hujulikana kwa macho. Miguu inavimba, na kidole kikibonyeza juu ya unyayo kinaacha shimo lisilorudi haraka. Nywele zinapauka, zinakuwa nyekundu na kung'oka bila kuuma. Ngozi inababuka kama iliyoungua. Lakini dalili inayowaumiza wazazi kuliko zote ni kwamba mtoto ananyamaza: hataki chakula, hataki kuchezeshwa, akiguswa ananung'unika kidogo na kugeukia ukuta. Mkanda unaozungushwa mkono wa juu ukionyesha chini ya milimita 115, hali ni ya hatari. Hapo inaanza kazi ya maziwa maalumu, kikombe kidogo kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, na anayekishika kikombe hicho ni mama. Wiki nzima, pengine wiki tatu, analala naye kitanda kimoja. Nyumbani watoto wengine wamebaki na bibi yao, shamba halilimwi, na pesa za kurudi kijijini hazijulikani zitatoka wapi. Mtoto huyo akifa, waliomjua vizuri hawajai hata benchi moja. Ameishi miezi 18, na zaidi ya nusu yake akiwa mgonjwa.

Je, kifo hicho ni kidogo? Robert Hertz, mwanachuoni wa Kifaransa, aliandika mwaka 1907 kwamba jamii nyingi hazitikiswi sana na kifo cha mtoto mchanga, kwa kuwa hazijamtia bado katika hesabu ya watu wake. Na vivyo hivyo hazitikiswi sana na kifo cha mzee aliyekwisha kujitoa katika shughuli. Anayeng'oa nguzo ya nyumba ni mtu wa katikati, mwenye kazi, ndoa na madaraka. Kwa kipimo cha hadhara, Hertz alisema kweli, na Afrika Mashariki na Kati imejaa ushahidi wake. Mtoto mdogo huzikwa siku ileile, na watu wachache, bila karamu, na matanga yake ni mafupi. Dini nazo zina maneno ya kumpunguzia mzazi mzigo. Kanisa Katoliki, ambalo ndilo lenye waumini wengi huko Katana, huruhusu mavazi meupe katika maziko ya mtoto aliyebatizwa, na sala zake zinawaombea zaidi wazazi, kwa kuwa mtoto hana dhambi ya kuombewa. Waislamu wa pwani humwambia aliyefiwa na mtoto asiyebalehe kwamba huyo atamtangulia peponi na kumngojea.

Kosa linatokea pale mtu anapouchukua ufupi wa matanga kuwa ufupi wa uchungu. Kosa hilo limefanywa na wasomi wakubwa. Mwaka 1992 Nancy Scheper-Hughes, mwanaanthropolojia wa Kimarekani, alichapisha kitabu juu ya mtaa wa maskini kaskazini mashariki ya Brazili, ambako alikuta akina mama wasiotoa machozi watoto wao wachanga walipokufa. Maelezo yake yalikuwa kwamba njaa imewafunza kutoufungamanisha moyo na mtoto mpaka aonyeshe dalili ya kuishi. Miaka michache baadaye Jónína Einarsdóttir wa Iceland alikaa na Wapapel wa Guinea-Bissau, mahali ambapo karibu theluthi moja ya watoto walikuwa wakifa kabla ya miaka 5. Kama wingi wa vifo ungekausha machozi, hapo yangekuwa yamekauka zamani. Aliyoyakuta ni mama wanaolia, wanaowakumbuka watoto wao mmoja mmoja, na wanaomhangaikia hata yule ambaye wengine wamekwisha kumkatia tamaa.

Kwa mtu anayeijua Kivu, habari ya Guinea-Bissau ndiyo inayofanana na ya nyumbani. Mwanamke wa Katana akiulizwa ana watoto wangapi, hatoi namba moja. Atasema amezaa saba, walio hai ni wanne. Yule aliyeishi siku tatu yumo katika saba hao, na mwezi aliokufa unajulikana: ni wakati wa kupanda maharagi, ni mwaka ule wa vita. Hata takwimu ya watoto 104 katika 1,000 iliyotajwa juu imetoka hapo. Vifo vingi vya watoto nchini Kongo haviandikishwi ofisini; wachunguzi hupita nyumba kwa nyumba na kuwaomba wanawake wa miaka 15 hadi 49 wawataje wote waliowazaa, walio hai na waliokufa, na kutoka katika kumbukumbu hizo ndipo kiwango cha taifa kinakokotolewa. Takwimu rasmi ya nchi nzima, basi, imesimama juu ya majonzi ya akina mama ambayo kipimo cha hadhara kilikwisha kuyafunga baada ya siku tatu. Na mwanamke aliyeitwa Mama Furaha tangu alipojifungua mara ya kwanza hulibeba jina hilo hata Furaha akifa; kijiji kitaendelea kumwita hivyo miaka hamsini. Waswahili walilisema kwa ufupi: uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Kuna kitu kingine kinachoukuza uchungu wa kifo cha mtoto kwa bwaki, nacho ni kujua kwamba kingeweza kuzuilika. Ziwa Kivu lina sambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka Tanganyika karibu na mwaka 1960, na wanauzwa kila soko la ukingoni. Shamba lina maharagi. Mama anajua kwamba mafungu machache ya vitu hivyo kwa wakati wake yangetosha, na anajua pia kwa nini hayakupatikana: shamba dogo lisilotosha nyumba, wezi wenye silaha waliovuna kabla ya mwenyewe, mimba iliyokatiza kunyonyesha. Majirani nao husaidia kumtia hatiani kwa kuuliza kwa nini alimwachisha titi mapema. Kifo kinachotokana na ukosefu huacha swali la nani alaumiwe, na swali hilo halina umri wa chini.

Wanaopona nao wana sehemu yao katika habari hii. Watoto waliotibiwa utapiamlo mkali Lwiro kati ya mwaka 1988 na 2007 walitafutwa tena mwaka 2018 wakiwa watu wazima, kwa msaada wa wahudumu wa afya wa vijijini. Wakilinganishwa na majirani wa rika lao, walikuwa wafupi zaidi, wamesoma kidogo zaidi, na katika majaribio ya akili walipata alama za chini. Mama anayemlinganisha mwanawe aliye hai na vile alivyomtazamia anaomboleza pia, na huyo hapewi matanga hata ya siku moja.

Umri ukipanda, vipimo viwili vinaanza kukutana. Mwaka 1989 watafiti watatu wa Kanada, Crawford, Salter na Jang, waliwaomba watu wakadirie majonzi ya wazazi kwa kifo cha mtoto wa umri mbalimbali. Makadirio yalipanda tangu kuzaliwa hadi ujana, kisha yakashuka. Mchoro huo ulifanana na ule wa uwezo wa kuzaa uliobaki kwa mtu wa kila umri, na ulifanana zaidi na wa jamii ya wawindaji wa Kalahari kuliko na wa Kanada yenyewe. Wachumi wa afya walifika karibu na hapohapo kwa njia nyingine. Mwaka 1993 Benki ya Dunia, ikihesabu miaka ya maisha inayopotezwa na maradhi, ilitumia mizani iliyoupa mwaka wa mtu wa miaka 25 uzito mkubwa kuliko mwaka wa kichanga au wa mzee. Mizani hiyo ilipingwa sana, na katika makadirio ya dunia ya mwaka 2010 ikatupwa. Mwaka wa uhai ukahesabiwa sawa kwa kila umri. Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Hata hivyo, anayeingia matanga ya kijana wa Bushi ataelewa kwa nini mizani ile iliwavutia watu.

Kijana huyo amesomeshwa kwa ng'ombe aliyeuzwa na kwa kipande cha shamba kilichowekwa rehani. Minervali, yaani ada, ya chuo imelipwa na shangazi, na mdogo wake amesubiri zamu yake. Amekaribia kumaliza. Akifa, ukoo mzima unakuwa umelima bila kuvuna, na watu wazima wanaume, ambao kwa kawaida hujizuia, hulia kwa sauti. Mjini Bukavu waandishi wawili wa Radio Okapi waliuawa kwa risasi, Serge Maheshe tarehe 13 Juni 2007 akiwa na miaka 31, na Didace Namujimbo tarehe 21 Novemba 2008 akiwa na miaka 34. Wasikilizaji ambao hawakuwahi kuwaona waliwalilia kwa sababu walizisikia sauti zao kila siku, na kwa sababu kazi zao zilikuwa zimeanza tu kukomaa.

Kwa mzee mambo hugeuka. Mtu aliyezaa, akaoza, akaona vitukuu na kuwagawia wanawe mashamba, akifa kitandani mwake, watu husema ameshiba siku. Kasiksi, pombe ya ndizi, hunywewa, hadithi za ujana wake husimuliwa, na kicheko matangani hakionekani kuwa utovu wa heshima. Wajaluo wa Kenya humfanyia mzee maziko makubwa ya siku nyingi, yenye fahali na mbio za kuyafukuza mauti, mambo ambayo hayafanywi kwa mtoto. Ukubwa huo wa shughuli hautokani na ukubwa wa machozi. Mara nyingi ni kinyume: wafiwa wana nguvu ya kukaribisha watu mia tatu kwa sababu kifo hakijawavunja.

Lakini miaka peke yake haimshibishi mtu siku zake. Askofu Mkuu wa Bukavu, Christophe Munzihirwa, alikuwa na miaka 70 alipouawa mjini humo tarehe 29 Oktoba 1996, vita vilipoingia. Umri huo ulizidi kwa mbali wastani wa maisha ya Mkongo wa wakati ule. Hakuna aliyesema ameshiba siku. Bukavu humkumbuka kila mwaka, kwa uchungu wa watu walionyang'anywa mtu aliyekuwa bado anawasemea. Umri huupunguza msiba pale tu ambapo maisha yalifika mwisho wake mwenyewe. Yakikatwa na mkono wa mtu, miaka 70 na miaka 31 inalingana.

Tena huzuni ina upande wa aliyebaki. Mzee aliyezikwa kwa shangwe na ukoo mzima amemwachia mjane nyumba yenye kiti kitupu, na mjane huyo ndiye ambaye ratiba ya siku yake imevunjika: hakuna wa kumchemshia maji alfajiri, hakuna wa kumwuliza mvua itanyesha au la. Wageni waliokuja kusherehekea miaka 85 huondoka siku ya nne. Upande huo wa aliyebaki huonekana hata kwa wanyama. Hapo Lwiro kuna kituo cha kulea nyani wakubwa walioporwa na wawindaji, kilichoanzishwa mwaka 2002, chenye sokwe zaidi ya 100, na karibu wote waliletwa wachanga baada ya mama zao kuuawa. Wanaowalea wanajua kwamba mdogo asiyepata mtu wa kumkumbatia huweza kukataa chakula mpaka afe. Jane Goodall alilishuhudia jambo la aina hiyo Gombe, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1972. Sokwe jike Flo alikuwa amezeeka sana alipokufa. Mwanawe Flint, wa miaka minane na nusu, ambaye kwa umri wake angeweza kujitegemea, alizubaa, akaacha kula, na kabla ya mwezi kwisha naye akafa. Kwa yeyote aliyehesabu miaka, Flo alikuwa ameishi vya kutosha. Flint hakuwa na hesabu hiyo.

Upande wa pili wa suala ni hali ya maisha kabla ya kifo. Ugonjwa mrefu hubadilisha msiba kwa njia mbili zinazovutana. Njia ya kwanza ni kwamba kuomboleza kunaanza mapema. Mwenye baba aliyepooza kwa shinikizo la damu amekwisha kumpoteza baba anayesema, baba anayetembea, baba anayemtambua, kila mmoja kwa wakati wake, na siku ya kifo anampoteza wa mwisho tu. Neno linalosemwa ni kwamba amepumzika, na linasemwa kwa dhati. Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliwafuata watu 217 waliokuwa wakiwauguza nyumbani jamaa zao waliopoteza kumbukumbu kwa uzee. Baada ya kifo, asilimia 72 walikiri kwamba kifo kiliwapa nafuu wao wenyewe, na zaidi ya asilimia 90 waliamini kilikuwa nafuu kwa mgonjwa. Watu hao walikuwa wamempenda mgonjwa na kumhudumia kwa miaka. Nafuu na upendo hukaa katika moyo mmoja, na mfiwa anayejilaumu kwa kuona nafuu anaongeza mzigo usiokuwepo.

Ugonjwa mrefu huweza pia kuleta nafasi ya kuaga. Kisiwani Pate, mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa kwa muda na akijua hali yake, alimtungia binti yake utendi wa mawaidha. Alifariki karibu na mwaka 1860. Binti alibaki na sauti ya mama iliyopangwa kwa ajili yake. Mtu wa kawaida hana utendi, lakini anaweza kutaja madeni yake, kumwomba radhi ndugu waliyegombana naye, kumwonyesha mwana mpaka wa shamba. Wafiwa waliopata mambo hayo hawalali wakijiuliza yaliyobaki bila kusemwa.

Njia ya pili ni ya maumivu. Mgonjwa wa saratani anayekufa akipiga kelele huwaachia wanawe sauti ambayo hawaisahau, hata kama alikuwa na miaka 90. Neno kwamba amepumzika haliwatoshi, kwa sababu wanajua alivyofika huko. Tofauti na nchi jirani inaonekana wazi. Uganda ilianza huduma ya wagonjwa wasiopona mwaka 1993, Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda, na mofini ya maji, dawa ya kunywa na ya bei ndogo, ikafika mpaka majumbani. Tangu mwaka 2004 wauguzi waliofunzwa kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika. Vijijini Kivu dawa hiyo haipatikani kwa urahisi, na mzee wa Katana hufa kwa maumivu ambayo mzee wa Kampala angeweza kutulizwa. Anayetaka kujua kwa nini msiba wa mzee mmoja uliisha kwa amani na wa mwingine umekuwa jeraha, aanze kwa kuuliza siku kumi za mwisho zilipitaje.

Hali ya maisha inaposemwa na watu wa nje huweza kuwa ukatili. Mtoto aliyezaliwa na ulemavu mkubwa, au mwenye ile anemia ya seli mundu inayojulikana Kongo kwa jina la anemia SS, akifa, wapo wanaomwambia mama kwamba Mungu amemsaidia. Wanapima kwa mateso waliyoyaona siku walipotembelea. Hawakuona usiku ambao homa ilishuka na mtoto akacheka. Mama aliyemlisha, kumwogesha na kumbeba mgongoni kwa miaka kumi amepoteza mtoto na amepoteza kazi iliyojaza saa zake zote, na anaambiwa ashukuru. Yule aliyehudumiwa zaidi ndiye anayeacha nafasi kubwa zaidi nyumbani. Wanaoishi na jambo hilo wanalijua, na majirani hujifunza kwa kuwasikiliza.

Ipo hali moja ambapo umri hupoteza nguvu kabisa, nayo ni pale wengi wanapokufa pamoja. Methali husema kifo cha wengi harusi. Yaliyotokea Kalehe, jirani ya Lwiro upande wa kaskazini, hayakuwa na harusi ndani yake. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko, mvua kubwa ilishusha maji, matope na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi. Maiti zaidi ya 400 zilipatikana, na maelfu ya watu hawakuonekana tena. Wazee, wachuuzi na watoto waliwekwa katika makaburi ya pamoja kwa haraka, na malalamiko ya wananchi juu ya kukosa maziko ya heshima yalikuwa makali mpaka serikali ikaleta majeneza. Watu walikuwa wanadai kurudishiwa tofauti: mzee azikwe kama mzee, mtoto kama mtoto, kila mmoja kwa jina. Taratibu za umri, ambazo katika kifo cha mtoto mmoja zinaweza kuonekana kama dharau, zilionekana siku hiyo kuwa ndizo zinazomtambulisha marehemu.

Vita vina mahesabu ya namna hiyo kwa kasi ndogo. Shirika la International Rescue Committee lilikadiria kwamba kati ya mwaka 1998 na 2007 Kongo ilikuwa na vifo milioni 5.4 zaidi ya kawaida. Jumla hiyo imebishiwa na wataalamu wengine. Sehemu ambayo mtu wa Lwiro haishangai ni kwamba wengi walikufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na kwamba watoto wa chini ya miaka 5, ambao ni chini ya moja ya tano ya watu, walikuwa karibu nusu ya waliokufa.

Huzuni isiyokwisha sasa ina jina katika vitabu vya madaktari. Shirika la Afya Duniani liliikubali mwaka 2019 katika orodha yake ya maradhi, kwa sharti kwamba iwe imezidi miezi sita na imepita desturi za jamii ya mfiwa. Sharti hilo la desturi linahitaji uangalifu katika nchi ambayo desturi humpa mama wa kichanga siku chache tu: kwa kipimo hicho karibu kila mama angeonekana amezidi.

Watoto wanaofiwa wako katika hali ngumu zaidi kwa sababu ya umri wao wenyewe. Mtoto wa miaka mitatu hujua kukosekana, hajui mauti; kati ya miaka mitano na saba wengi huanza kuelewa kwamba aliyekufa harudi. Kumwambia kwamba mama amesafiri humfanya angojee, na akigundua ukweli hupoteza pia imani kwa aliyemdanganya. Kumpeleka kwa jirani siku ya maziko, jambo linalofanywa kwa nia njema, humwacha bila kaburi la kukumbuka. Maneno mafupi ya kweli, yakirudiwa kila anapouliza, ndiyo anayoyaweza.

Katika vitabu vya vituo vya lishe, kila mtoto huandikiwa mwisho wa tiba yake: amepona, ameacha, amehamishwa, amekufa. Akiandikwa amekufa, ufuatiliaji umeisha, na mama hana safu ya kuandikwa. Anayemfikia baadaye ni mhudumu wa afya wa kijiji, yule wanayemwita reko, anapopita na mkanda wake kuwapima watoto waliobaki. Swali moja la ziada kwa mama huyo katika ziara hiyohiyo, juu ya usingizi wake na chakula chake, lina faida hata kwa hesabu ya utapiamlo peke yake, maana mwenye huzuni nzito hunyonyesha na kulisha kwa shida, na mara nyingi tayari ana mimba au ana mtoto mwingine mgongoni.